Tinti Aliyoikataa Mama Neema

Jumatano, nimeshakula

Macho yananiuma. Leo nilimpelekea Mama Neema tovuti niliyomtengenezea ya duka lake la vitenge, hapo Kariakoo. Kwenye simu yangu ilipendeza: jina lake kwa herufi nyeupe juu ya picha ya vitenge, na kati ya jina na picha rangi nyeusi inayoonyesha, kama tinti ya kioo cha gari.

Akaifungua kwenye kompyuta kuukuu ya dukani. Tinti haipo. Herufi nyeupe zimepotelea kwenye maua ya vitenge.

"Jina langu liko wapi, baba?"

Brauza za zamani, programu za kufungulia tovuti, hazijui rangi inayoonyesha, zinairuka tu. Na wateja wake wa mikoani wengi wana simu za zamani. Kwenye msimbo wa tovuti nikaongeza mstari mmoja juu ya ule wa tinti: nyeusi ya kawaida, nzito. Brauza kuukuu zitaishia hapo, mpya zitachukua tinti.

Jina likatokea, maua nyuma yake yakafunikwa na weusi. Mama akacheka kwa furaha.

"Hii sasa ndiyo tovuti! Na kwenye simu iwe hivihivi."

Wiki nzima nimehangaika na ile tinti, ua lionekane na jina lisomeke. Nikajibu, "Sawa, mama."

Mstari wa tinti nimeufuta sasa hivi. Haikuchukua hata dakika.