Zubeda na Zana Mpya

Jumanne jioni, Mafiga

Na imelipata kosa haraka, ndicho kinachoniudhi. Programu yetu ya wakulima wa Mgeta ilikuwa inakosea uzito wa karoti, nikaiagiza akili mnemba itafute kosa. Mwezi uliopita niliiwekea zana mpya inayoionyesha kila jina kwenye msimbo limeanzia faili gani. Sekunde chache tu, imefika.

Zamani hiyo ilikuwa kazi ya Zubeda, niliyeandika naye programu yote kabla hajahamia Gairo. Nikipotea, nampigia. Kwanza salamu, mama anaendeleaje, mvua imenyesha huko, karanga zimeota? Nusu saa nzima ndipo tunafika kwenye kazi.

"Si ni faili la mizani, wewe! Umesahau tena?"

Mara nyingine nilikuwa sijasahau.

Mwezi mzima sasa sijampigia. Nimpigie nimwambie nini?

Leo zana ilipofungua faili lile la mizani, juu ya mstari wenye kosa nikakuta maneno aliyoniachia Zubeda: "Ukikwama hapa, nipigie."

Sijakwama popote. Nimekaa na simu mkononi tangu saa kumi.