Vioo vya Televisheni kwa Bweni la Masista

Jumatatu, 4 Februari 2002
Redio mbili zimepona. Televisheni ya mwenye duka wa Mollo haiponi, nikamwambia. Akasema nibaki nayo, anakwenda Tunduma kununua mpya. Wote siku hizi wako hivyo. Nyuma ya kibanda changu cha ufundi televisheni mbovu zimerundikana mpaka dirishani. Tangu alipotoka sijaongea na mtu.

Jumatano, 6 Februari
Nimesikia sokoni. Mvua ya mawe imevunja madirisha ya bweni la masista, njia ya Kaengesa. Leokadia yuko pale, mwanangu wa pekee. Mwaka wa pili anajiandaa kuwa sista. Mama yake angekuwa hai labda angemzuia. Mimi sikuweza. Masista wameziba madirisha kwa maturubai. Baridi ya huku naijua.

Ijumaa, 8 Februari
Kioo cha mbele cha televisheni ni kinene na kinapitisha mwanga. Kwenye fremu ya mbao ya dirisha kitakaa. Sista mkuu amekubali. Nimemwambia nataka kuwasaidia. Uongo. Nataka kumwomba Leokadia arudi nyumbani.

Jumamosi, 9 Februari
Tyubu ya kwanza, ile chupa kubwa ya kioo ya televisheni, imelipuka. Nilikuwa na haraka, sikutoboa shingoni hewa iingie. Mkono umechanika. Nimeufunga mwenyewe, kwa meno. Hakuna wa kunishikia ncha ya kitambaa.

Jumatano ya Majivu, 13 Februari
Nimepakwa majivu, nikarudi kazini. Sasa nimeielewa kazi. Natoboa shingo. Pale kioo cha mbele kinapoungana na cha nyuma nazungushia waya wa jiko la umeme, ukishaiva nagusa kwa kitambaa cha maji baridi. Kioo kinaachia chenyewe. Unga wa ndani ni sumu, nauosha nikiwa nimejifunga pua. Vipande vya nyuma vina madini ya risasi, nimevifungia kwenye pipa. Vioo vizima vimesimama ukutani, safi. Nilitamani mtu avione.

Jumanne, 19 Februari
Nimevipachika vioo bwenini. Leokadia alinikandia puti ya kushikiza vioo. Amekonda, lakini anacheka kuliko zamani. Tulipobaki wawili nikamwambia, "Rudi nyumbani, mama. Nyumba imekuwa kubwa kwangu."

Aliendelea kubonyeza puti kwa kidole gumba.

"Baba, pale nilikuwa nakaa kwa kukuonea huruma. Hapa nina furaha."

Sikukasirika. Niliumia. Baadaye akaniuliza kama nitakuja siku ya nadhiri zake. Nikasema nitakuja. Lilibaki dirisha moja. Tukalimaliza pamoja.

Jumatano, 20 Februari
Nimerudi kwa lori la mahindi. Dereva ni Msukuma, mgeni huku, anapenda kuongea. Akaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema mmoja, binti.

"Yuko wapi?"

Nikatazama nyuma, njia ya Kaengesa.

"Yuko kwao," nikamwambia.