Boksi Nililomrudishia Nassibu

Mitwero, Lindi
Jumatatu

Mama yangu Mwanahija,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limepunguza maumivu, na mikorosho ya hapo Kikole imetoa maua bila ule ugonjwa wa ubwiri unga uliokausha maua mwaka jana. Huku Mitwero hatujambo. Baba Mkubwa Bashiru naye hajambo, ila ameninunia. Salamu anaitikia, chakula nikipika anakula na kuongeza, lakini macho anayaelekeza ukutani.

Najua na wewe umeninunia. Simu uliikata kabla sijamaliza sentensi ya kwanza, ndiyo maana nimechukua kalamu. Karatasi haina kitufe cha kukatia. Umesema nimemkataa mchumba mbele ya dunia nzima, na kwamba wazee wa Nassibu wakifika hapo Ijumaa hutakuwa na uso wa kuwatazama. Nisikilize kwanza mama, kisha unihukumu.

Kazi yangu unaijua, ingawa majirani huwa unawaambia nauza midoli. Kuna watu wazima, mama, wenye akili zao timamu, wanaonunua modeli za magari zinazokuja vipande vipande kwenye boksi, wakaziunga kwa gundi. Wengine huongeza na spea ndogo ndogo zilizotengenezwa na mafundi wengine, ili gari lifanane zaidi na la kweli. Kabla hawajanunua wananiangalia mimi. Naunga mbele ya kamera kitu kama kilivyotoka kwenye boksi. Pasipokaa sipigi msasa, penye pengo sizibi, kisha nasema nilichokiona. Watu wananifuata kwa hilo tu, sina jingine.

Nassibu wa Kilwa Masoko anazitengeneza spea hizo kwa mashine yake, za modeli ya lori la zamani, aina ile iliyokuwa ikipanda Kipatimu kufuata mazao. Tumeandikiana kwa miezi juu ya tairi na maturubai, basi. Akaniambia ananitumia seti yake mpya, niipime kama ninavyopima za wengine, nisimwonee haya. Boksi akampa baba yake mdogo, Mzee Nurdin, aliyekuwa na safari ya Lindi. Kumbe Mzee Nurdin alikuwa amebeba na barua ya posa, na kwa ustaarabu wake akalifunga lile boksi kwenye kanga mpya.

Mimi barua sikuiona. Nilitoka jikoni nikakuta boksi mezani pembeni ya sinia la chai, kanga imeacha upande mmoja wazi na jina langu liko pale kwa mwandiko wa Nassibu. Nikalinyakua, nikacheka kwa furaha, nikakimbilia chumbani. Wazee sebuleni wakatazamana. Kwao lile lilikuwa kishika uchumba, na binti anayepokea kishika uchumba huku anacheka ameshajibu. Wakasoma Fatiha. Mama, niliisikia kupitia ukuta nikadhani wanamsomea marehemu baba, nikaitikia amina na mkasi mkononi.

Basi nikaipima seti. Magunia ya korosho ni mazuri mno, hadi mshono wa mdomoni unauona, na niliyasifu. Tairi zilikuwa na umbo la yai, lori likasimama limeinua gurudumu moja. Vioo vya pembeni vijiti vyake vinene kuliko matundu, na cha kushoto kilinivunjikia mkononi. Nikasema kwenye video kwamba simshauri mtu kuichukua ilivyo, na namrudishia mwenyewe airekebishe. Siku chache baadaye Mzee Nurdin alipopita kuaga nikampa boksi kwa mikono miwili na adabu zote, kanga nimeikunja juu yake. Maskini, alikaa chini bila kukaribishwa. Kurudisha kishika uchumba maana yake unaijua kuliko mimi.

Baba Mkubwa anataka niifute video, nilipokee boksi upya, na niseme nilikosea. Nimemwambia kwa heshima kwamba sifuti. Nikisifia tairi za yai kwa kuwa ni za mchumba, kesho nani ataniamini nikisifia kitu kizuri? Na kuna lililoniuma zaidi. Wazee wazima wamekaa, hakuna hata mmoja aliyebisha mlango akaniuliza kama namtaka. Nilikasirika mama, na bado nimekasirika.

Sasa nakwambia ambalo sijamwambia mtu. Wangeniuliza, ningesema ndiyo kabla chai haijamiminwa. Nampenda Nassibu. Nampenda tangu aliponiandikia ukurasa mzima akieleza jinsi wachukuzi wanavyoshona gunia la korosho, kama vile hakuna jambo kubwa kuliko hilo duniani. Nilipoiweka ile video nilijua huenda nampoteza, na wakati huo hata sikujua kama nimeshaposwa. Tangu siku hiyo hakuniandikia tena. Nikalia jikoni, nikasingizia vitunguu. Lakini video sikuifuta.

Jana boksi limerudi kwa kondakta wa basi la Kilwa, limefungwa kwenye kanga ileile. Hakuna barua ndani wala neno. Tairi ni mpya, za duara kabisa, na lori limesimama kwa magurudumu yote. Magunia hakuyagusa. Vioo vimeingia vizuri, ila cha kushoto bado kinalegea.

Kwa hiyo Ijumaa wapikie wageni, na uso wako usiuinamishe. Waambie boksi ni kazi na posa ni posa, kila kimoja kina jibu lake. Kisha unipigie mbele yao, niulizwe kwa mdomo, nami nitajibu ndiyo kwa sauti wasikie wote. Na Mzee Nurdin amfikishie mchumba wangu habari ya kioo cha kushoto, maana Jumamosi nakisema mbele ya kamera.

Majirani wote wape salamu zangu, na dawa ya goti usiache kupaka. Mungu akuweke, mama.

Ile kanga safari hii siirudishi. Nimejifunga hapa ninapokuandikia.

Mwanao,
Sauda