Nilimwomba Baba, Mwenye Mtu ni Mjomba

Jumanne, katikati ya Julai. Mjini jua na vumbi, huko juu Mgeta ukungu na baridi inayouma masikio. Leo nimevipitia vyote, na jioni hii nimekaa kibarazani, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto, magoti hayataki hata kukunjwa.

Nimechoka. Na si miguu tu.

Kwa yeyote anayepita hapa kwa bahati mbaya: mimi ni afisa uangalizi, hapa Morogoro. Mfungwa akipata parole anatoka gerezani kabla ya muda wake kwisha, anamalizia kifungo akiwa nyumbani kwa masharti, na mimi ndiye wa kuhakikisha masharti yanafuatwa. Kabla hajatoka, nakwenda kwao. Nauliza kama wanampokea, atalala wapi, atafanya kazi gani, aliyekosewa anasemaje. Naandika taarifa, naipeleka kwa bodi. Bodi haimjui mtu huyo wala haijawahi kufika kwao. Inaijua karatasi yangu tu.

Sera yenyewe naiunga mkono, nisije nikaeleweka vibaya. Nimeona magodoro yalivyobanana mle ndani, watu wanageuka kwa zamu. Kinachonichosha ni kuambiwa mambo mawili kwa pumzi moja. Punguzeni msongamano, watoeni wanaostahili. Halafu, asirudie kosa hata mmoja. Mwezi uliopita, mkoa mwingine kabisa, mtu wa parole alirudia kosa, redio zikamjadili wiki nzima, na sisi tukaletewa waraka: atakayekiuka sharti lolote aripotiwe, arudishwe ndani, afisa asiingize huruma. Siku hizi usalama wa raia wote unalindwa kutoka mezani kwangu, meza ambayo droo yake haifungi.

Kasiani ni mmoja wa watu wangu. Ana miaka thelathini na minane, mkulima wa kabichi wa Mgeta, mtu wa maneno machache. Alifungwa kwa kumkata jirani yake, Anselmi, kwa panga, siku walipogombea zamu ya maji ya mfereji. Alikaa ndani miaka minne bila kosa lolote, na mwezi Machi akatoka kwa taarifa yangu. Nilimpangia aishi kwa baba yake mzazi. Sharti la kwanza lilikuwa asilale nje ya kijiji cha baba yake bila kibali changu.

Jana mtendaji wa kijiji akanipigia simu. "Madam, mtu wako hayupo kwa mzee, leo siku ya tano. Wanasema kavuka mto, yuko kijiji cha pili." Akaongeza kwamba ananiachia niandike mimi kwanza, ila akiulizwa hatadanganya.

Sikumlaumu. Ripoti ya mwezi inatakiwa kesho saa nne asubuhi. Kwenye fomu kuna visanduku viwili, amekiuka na hajakiuka. Nikiweka alama kwenye cha kwanza, Kasiani anarudi gerezani kumalizia miaka mitatu iliyobaki.

Kwa hiyo leo alfajiri nilidandia lori la mboga lililokuwa linarudi juu tupu baada ya kushusha mzigo Dar. Dereva ananifahamu, huniweka mbele. Pikipiki ya ofisi ipo, mafuta ndiyo hayapo. Lori likaniacha barabarani, nikaanza kupanda kwa miguu, napishana na kina mama wanaoshuka na matenga ya karoti kichwani huku wanapiga soga bila hata kuhema. Mmoja akaniuliza kama nimekuja kununua njegere. Nikasema hapana, namtafuta mtu. Akaniangalia ninavyotweta, akacheka, akasema basi nikae kwanza kwenye jiwe pale, huyo mtu hatahama.

Mzee Bonifasi, baba yake Kasiani, nilimkuta anaota moto jikoni. Nikamwamkia, akanipa kigoda na kikombe cha uji. Nikamuuliza mwanawe yuko wapi. Akajibu bila wasiwasi wowote, "Kaenda kwao."

Kwao wapi tena, nikauliza, wakati hapa ndipo kwa baba yake?

"Hapa ni kwangu, mama. Na hili shamba unaloliona ni la ukoo wangu mimi, nimepewa na wajomba zangu. Siwezi kumkatia Kasiani hata tuta moja. Yeye ni mtoto wa ukoo wa mama yake. Mwenye sauti juu yake ni mjomba, kule ng'ambo."

Nikamuuliza kwa nini basi alisaini fomu ya kumpokea. Mzee akaona aibu kwa niaba yangu, niliiona. "Mara ile ulikuja na gari la serikali na kalamu. Nikasaini. Nikajua wa ng'ambo umeshaonana nao, maana ndio wenyewe."

Miaka kumi na moja nimekaa Morogoro. Kwamba Waluguru, wenyeji wa milima hii, hufuata ukoo wa mama nimelisikia misibani, kwenye kesi za mashamba, hata ofisini wakitaniana. Ningeulizwa ningejibu vizuri kabisa. Lakini siku ile nilipofika kwenye mstari wa "mkuu wa familia atakayempokea", mkono ulikwenda wenyewe kuandika jina la baba. Mimi nimezaliwa Kilimanjaro. Kwetu mwanaume aliyepotea akirudi, anarudi kwenye migomba ya baba yake, na hakuna anayeuliza. Basi na mimi sikuuliza.

Miezi minne mtu mzima amelala stoo ya baba yake, kati ya magunia ya viazi, hana hata tuta la kulima, anakula chakula cha mama wa kambo ambaye hajawahi kumkataza wala kumkaribisha. Mimi kila mwezi naandika: anaendelea vizuri.

Na kuna jambo ambalo ningependa kulisahau ila leo nimetembea nalo kupanda na kushuka. Mwezi Mei aliniomba. Alikuja kuripoti ofisini kama kawaida, kofia mkononi, akasema, "Mama, naomba ruhusa nikakae kwa mjomba." Nje kulikuwa na watu saba wanasubiri. Nikaangalia faili, mjomba hayumo. Nikaandika kwamba ombi halijakubaliwa. Sikumuuliza sababu. Akasema sawa, akaondoka.

Alikuwa ananisahihisha kwa adabu, na mimi nikampigia muhuri.

Nikavuka mto kwa kukanyaga mawe. Kasiani alikuwa kwenye shamba la ngazi upande wa pili, anapandikiza miche ya kabichi. Aliponiona hakukimbia. Aliweka jembe chini, akasimama wima, mikono nyuma, namna wanavyosimama wakihesabiwa gerezani. Nilimwambia alegee. Hakulegea.

Mjomba wake, mzee Gaspar, ni mdogo wa umbo na hana haraka. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniacha nimesimama kwa muda, na nilistahili.

"Kwamba mtoto wangu katoka jela nililisikia sokoni," alisema. "Nikaambiwa serikali imempeleka kwa baba yake. Nikasema haya, huenda mimi sitakiwi. Nikakaa kimya."

Kimya hicho ndicho kilichokuwa hatari, na mimi huko mjini nilikiita utulivu. Kwa taratibu zao hapo, aliyemwaga damu hakanyagi tena eneo lile mpaka mjomba wake aende kwa aliyeumizwa, akae, aseme kwa niaba ya ukoo. Mjomba hakuombwa, hivyo hakwenda. Baba asingeweza kwenda, si kazi yake. Kwa hiyo kuanzia Machi Anselmi aliishi bila kujua aliyemkata karudi na moyo gani. Mimi nilikuwa nimeandika kwenye taarifa kwamba majeruhi hana pingamizi, kwa kuwa nilimpigia simu akasema sawa. Huku kila mtu ananiambia sawa.

Alhamisi iliyopita Kasiani alichoka kusubiri. Akakunja blanketi lake, akavuka mto, akaenda kuketi mlangoni kwa mjomba wake mpaka akaruhusiwa kuingia. Jumapili, baada ya misa, wakaenda wote wawili kwa Anselmi.

Nilitaka kusikia kutoka kwake mwenyewe, nikaenda. Shamba lake linapakana na lile la mzee Gaspar. Alininyooshea mkono wa kulia mpaka ulipofikia, na haukufika mbali.

"Mwisho wake ndio hapa," alisema. "Yule simpendi, nisikufiche. Lakini mjomba wake amekuja, amekaa kwenye kiti changu, amesema. Sasa likizuka neno najua nampelekea nani. Huko nyuma nilikuwa sijui. Sokoni nilikuwa nazunguka njia ya juu."

Nikamwomba aandike hayo. Akaandika kwa mkono wa kushoto, taratibu, nami nikaangalia pembeni.

Kwa hiyo mambo yako hivi. Pale alipo leo Kasiani ni salama kuliko pale nilipomweka, kwake na kwa Anselmi, na kwa mujibu wa fomu amekiuka.

Saa tisa nilikuwa mjini. Nikampigia mkuu wangu wa kazi, nikamweleza. Si mtu mbaya, anangojea kustaafu. Akaniambia niweke alama tu, bodi itaona yenyewe, nisijiingize. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayenionea huruma, kwamba nikiandika kosa ni langu, nitapewa barua ya onyo, na wataomba mafaili yangu yote ya milimani. Nilimwambia najua. Nilikuwa nimeshafungua kabati. Wote niliowarudisha Uluguru wamepokelewa na baba zao.

Nilikaa pale sakafuni kwa muda na hayo mafaili. Nilifikiria kweli kuweka alama na kwenda nyumbani. Nisijifanye malaika hapa. Miaka mitatu ya mtu mwingine ni alama ndogo tu ya kalamu, na hakuna ambaye angeniuliza chochote.

Halafu nikaandika barua. Visanduku vyote nimeviacha wazi, nimeandika juu yake: soma kiambatisho. Kiambatisho kinasema mfungwa hakuhama kwao, bali alipelekwa pasipo kwao na afisa aliyesaini hapa chini, na kwamba mwezi Mei aliomba jambo hili lirekebishwe, afisa akakataa bila kumuuliza sababu. Nimeweka maelezo ya mzee Gaspar na ya Anselmi. Nimeomba anwani ibadilishwe. Nimeomba pia niruhusiwe kupanda tena kwa wale wengine, safari hii niulize wajomba.

Sijui kama bodi itaiamini karatasi inayoanza kwa kukiri kosa. Karatasi ya kwanza haikukiri kitu, na waliiamini.

Nilipofika nyumbani nikapiga simu ya mzee Gaspar, nikaomba kuongea na Kasiani. Nikamwambia, kuanzia leo mpaka majibu yatakapokuja, arudi kulala kwa baba yake, mtendaji amwone, asije mtu akasema anaendelea kukaidi. Kwa maneno mengine nilimrudisha stoo, kwenye magunia ya viazi, kwa kosa langu mimi.

"Sawa, mama."

Hakuna kulalamika, hakuna hata kuvuta pumzi. Miaka minne ya jela imemfundisha hivyo na miezi minne yangu haijamfundisha lingine. Nililia kidogo, nikiwa nimeziba simu kwa kiganja.

Kisha akauliza kama mchana anaruhusiwa kuvuka kuja kumwagilia. Miche ya kwanza ina siku nne tu, alisema, na zamu ya maji ya mjomba wake ni kesho.

Tangu Mei hakuwa ameniomba kitu.

Nilimwambia avuke, amwagilie. Kwa mujibu wa waraka sina mamlaka hayo. Nimeifungua tena barua na kuongeza mstari mmoja chini kabisa, juu ya saini yangu: kibali cha kuvuka mto mchana kwenda shambani kwa mjomba wake nimekitoa mimi. Kesho saa nne naipeleka kwa mkono, na wakati huo Kasiani atakuwa kwenye mfereji, zamu ni yake.