Kompyuta ya Baba Mdogo Imebadilika Jina

Joha, uko? Jibu basi, niko intaneti kafe na dakika zinaisha. Leo nimeaibika mpaka natamani nihamie kijiji cha Zuzu, jina linanifaa.

Ile kompyuta niliyomchagulia baba mdogo, ya kuchapia barua za watu. Dukani tuliikuta imeshawashwa. Nikafungua pale inapoonyesha habari zake, imeandika prosesa, ule ubongo wake, ni Pentium 4, ile ya kasi. Baba mdogo akanakili kwenye daftari. Mimi, kwa mdomo huu huu, nikasema, "Chukua, hiyo ndiyo yenyewe."

Leo tumeiwasha nyumbani mbele ya wageni. Celeron. Joha, CELERON, ile goigoi! Baba mdogo anasoma daftari, anatazama kioo, anasoma tena.

Nimempigia mwalimu wangu wa kompyuta. Kacheka! Eti lile jina ni maandishi tu, mjanja anayabadilisha, ila ukizima na kuwasha, mashine inajisoma upya na kuandika prosesa ya kweli. "Hukumwambia muuzaji azime awashe mbele yako?"

Sikumwambia. Mimi mwenye cheti! Hata kuzima na kuwasha!

Baba mdogo hakufoka. Bora angefoka. Unamjua, miaka yote hiyo ananunua mahindi Kibaigwa. Kaingia ndani, katoka na bambo lake, lile la kuchomea magunia aone mahindi ya katikati. Kaniwekea juu ya kibodi, wageni wanatazama.

"Mimi gunia silinunui kabla sijalichoma kwa hili. Wewe ulichoma wapi, mwanangu?"