Hadithi ya Mama Yenu

Tryphena,

Nimewahi zamu stesheni. Uji uko kwenye sufuria, ufunike. Mbuzi hawajanyweshwa. Mable asiende shule leo, ~~ana homa~~ homa hana. Nimemliza mimi.

Asubuhi aliniletea kile kitabu chake cha picha, nimsomee kama alivyosomewa na marehemu mama yenu. Nikasoma. Tukafika pale mama wa watoto amelala mkekani, wanawe wamemzunguka. Kitabu kinasema amekufa, nami nikasoma amekufa. Mable akanishika mkono: "Si hivyo, Baba! Mama alisema amechoka kulima, kesho ataamka." Nikamfokea aache uongo, maneno si hayo hapo?

Akakimbilia kitandani na kitabu chake. Ndipo nikakumbuka kwamba mama yenu hakujua kusoma hata herufi moja. Siku zote alikuwa akisoma picha.

~~Kifiche hicho kitabu.~~ Usikifiche. Jioni msomee ile hadithi ya mama yenu, wewe unaijua. Ila mnisubiri nifike. Kila alipowasimulia mimi nilikuwa kazini, sikuisikia hata mara moja.

Baba