Ndama wa Yeyo na Dripu ya Mama

Alhamisi, ukungu mzito. Nimerudi Karatu kutoka Nainokanoka na viatu vimejaa mavi ya ng'ombe. Sijali. Leo nina furaha mpaka naogopa.

Wiki iliyopita mimi na bwana mifugo tulikwenda kwa Yeyo Nashipai, mama wa Kimaasai ambaye ndama wake alishikwa na ndigana. Ugonjwa huu wa kupe una maajabu yake: chembe nyeupe za damu ya ng'ombe zinazaliana ovyo, karibu sawa na saratani ya tezi kwa binadamu. Akidungwa dawa mapema, zinatulia. Zinatuliaje? Ndiyo kazi yangu maabara.

Na ndiyo saratani ya mama yangu kule Mbulumbulu, ambaye amegoma kurudi kwenye dripu ya dawa za saratani.

Nilihitaji kuvuta majimaji ya tezi iliyovimba chini ya sikio kabla dawa haijaingia. Ndama alikuwa anahema kwa shida. Yeyo amebaki na huyo mmoja tu. Wengine ukame uliwamaliza kule Olbalbal. Angesema "mdunge kwanza", ningemjibu nini?

Aliuliza kwa nini nahangaika na tezi. Nikamweleza habari za mama.

"Haya maji yatamponya?"

Nikashindwa kudanganya. "Hapana, Yeyo. Labda watakaougua baadaye."

Akamshika ndama kichwa yeye mwenyewe. "Basi toa upesi, mwanangu. Na hao wa baadaye wana mama zao."

Jamani! Nikavuta majimaji haraka, bwana mifugo akamdunga dawa.

Leo nimemkuta ndama ananyonya, mkia juu. Yeyo kanipokea kwa kicheko, ananiita Paashe. Ndivyo Wamaasai wanavyoitana, aliyetoa ndama na aliyepewa. Nikabisha, mbona mimi sikupewa ndama?

"Ulipewa akiwa mgonjwa," akasema. "Ukanirudishia mzima."

Ninampenda yule mama, basi tu.

Jioni nimempigia mama nikamsimulia yote. Akaniuliza:

"Na hii dripu yangu, kuna wanyama waliojaribiwa kabla yangu?"

"Wapo, mama. Panya wengi sana."

"Maskini. Na mimi naitupa." Akakohoa kidogo. "Haya, Jumatatu nipeleke hospitali."

Nimelia hapa peke yangu kama mtoto. Sijui kama atapona. Lakini Jumatatu nitamshika mkono mimi mwenyewe.